Nyama ya Jana na Viazi vya Baba Yako

Lotsove mwanangu,

Uko uani, umekaa katikati ya magoti ya Mama Zawadi, jirani yetu, anakusuka nywele za safari. Nakuona kupitia mlangoni. Kila akivuta, unafumba jicho moja, kama ulivyofanya ulipokuwa mdogo, wakati mimi ndiye niliyekusuka. Leo nimemwachia yeye. Nilitaka kuandika kabla jua halijashuka.

Barua hii hutaipata hapa Bunia. Kwenye bariera za njiani wanapekua mizigo, na maneno ya mama yako yasikutwe mfukoni mwako. Mama Zawadi ataificha katikati ya vitenge vyake vya kuuza, atakupa mkiisha kufika Mahagi, nyumbani kwa shangazi yako Mave. Mama Zawadi ni mtu wa Beni, uso wake hautafutwi na upande wowote katika vita hivi. Kwa hiyo ukisoma hapa, umefika. Nimeandika neno hilo, umefika, na nimelitazama muda mrefu kabla ya kuendelea.

Naandika Kiswahili kile tulichofundishwa na masista, kwa sababu cha jikoni kwetu sikuwahi kukiona kwenye karatasi. Wewe ukisoma, kigeuze kiwe sauti yangu.

Sitaandika juu ya kufua, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kutotembea jioni. Hayo shangazi yako atakuambia mpaka uchoke. Nataka kukuandikia juu ya chakula kimoja tu, nyama ya jana iliyokaangwa na viazi. Tangu baba yako achukuliwe hujakila. Nikiweka kikaango motoni unatoka nje, unakaa ukutani mpaka harufu iishe. Sijakulazimisha hata siku moja. Lakini siwezi kukuacha uende Mahagi na mzigo ambao si wako.

Kwanza nikuambie namna chakula hicho kilivyoingia katika nyumba yetu, maana hukuwa umezaliwa.

Nilikuwa binti, nina malewa yangu, kibanda cha kuuzia chakula, pale Mudzipela mjini, bati chache juu, mabenchi mawili, babula ya makaa na sufuria. Baba yako alikuwa akishuka na magunia ya viazi kutoka kwao, huko juu Djugu, kwenye baridi. Nilinunua kwake kwa sababu viazi vyake havikuwa na udongo mwingi. Siku moja akanichagulia vidogo vidogo, akaviweka juu ya vile nilivyonunua.

"Mama, hizi ni matabisi yako."

"Mi si mama. Niko binti."

"Pole. Basi binti tunamuongezaka mara mbili."

Akaongeza tena. Nilicheka, na hilo ndilo lilikuwa jibu langu, ingawa yeye alisubiri mwaka mzima kabla ya kuja kwetu na wazee wake.

Sisi kwetu ni watu wa ng'ombe, unajua. Wao ni watu wa jembe. Siku zile jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu. Harusi ilichezwa, mama zangu na mama zake walishikana mikono na kutimua vumbi mpaka jioni. Watu wakasema nyama imeolewa na viazi. Mimi sikupenda utani ule. Nilikuwa nimeolewa na mtu, na mtu mwenyewe alikoroma, alipenda pilipili, na hakujua kupiga pasi.

Wiki ya kwanza tu tuligombana, na tuligombana juu ya mabaki. Mama yangu alinifundisha kwamba mke anayempa mume wake chakula cha jana ni mvivu, na wakwe watamsema. Asubuhi nikachukua nyama iliyobaki na viazi vilivyobaki, nikaenda kumwagia mbwa wa jirani. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Namwanga. Iko ya jana."

"Na weye uko wa leo? Hukulala hapa jana?"

Nilikasirika. Nilidhani ananicheka. Akanipokonya bakuli taratibu, akaketi kwenye kigoda, akawasha babula yeye mwenyewe. Mume mpya, mbele ya majirani wote! Niliona haya mpaka nikaingia ndani. Kisha ikaja ile harufu. Nilikaa kitandani nikijifanya nimenuna, na mate yananijaa mdomoni.

Kwao, alisema, mama yake alikuwa na watoto wengi na shamba la mbali. Hakuwa na saa ya kupika mara mbili. Kilichobaki jioni kilikatwakatwa asubuhi, kikakaangwa haraka, kila mtoto akapewa kiganja chake na kwenda shambani. Hicho hakikuwa chakula cha aibu. Baba yako alipokuwa na homa hakuomba chai, aliomba hicho.

Niliona kwamba kukaanga hivyo ni rahisi, nikataka kumwonyesha kwamba mimi ndiye mpishi wa nyumba. Nikaviweka viazi kikaangoni nikaanza kukoroga. Nilikoroga kama mtu anayepika bugali. Vikavunjika, vikawa kama chakula cha mtoto asiye na meno. Baba yako alikula vyote, akalamba kijiko, halafu akasema kwa upole, "Kesho uviache kidogo. Usiviguse. Vinajua kazi yao."

Ilinichukua muda kuelewa. Mimi ni mtu wa kugusagusa. Nikiona kitu kimetulia nadhani kimeharibika. Hata wewe nilikusumbua hivyo hivyo. Ulikuwa mtoto wa kimya, na mimi kila mara, Lotsove, una nini, Lotsove, nani amekuudhi, mpaka unalia kweli. Baba yako ndiye aliyekaa karibu na wewe bila kusema, akimenya kitu au akishona gunia, na baada ya muda ulimwambia kila kitu. Niliwaonea wivu. Huko unakokwenda, ukipata watoto, uwe kama yeye katika hilo.

Basi chakula kile kikaingia malewani. Wapiga taksi-moto walikuja asubuhi na pikipiki zao kabla ya kazi, wakala wakiwa wamesimama, kofia kichwani. Wengine waliniita Mama Kikaango. Wewe ulikuwa ukikaa chini ya meza na kitabu cha shule, unawahesabia viatu. Ninapokumbuka furaha, hiyo ndiyo picha inayokuja. Wakati ule sikujua kwamba ni furaha. Nilidhani ni uchovu tu.

Halafu maneno yakaanza kuletwa mezani.

Vita hivi havikuanza kwa bunduki hapa kwetu, Lotsove. Kwangu mimi vilianza siku mteja mmoja, mama wa makamo wa upande wangu, aliposhika sahani yake na kusema, "Wale batu ba milimani, siku moja batatumaliza." Alisema akitafuna viazi vya milimani. Alijua mume wangu ni nani. Alisema hivyo hivyo, kana kwamba anasema mvua itanyesha. Na mimi nikamwongezea pilipili.

Nilijiambia, ni mteja, atakula ataondoka. Kesho yake wakawa wawili. Baadaye waliokuwa wakila pamoja kwenye benchi moja wakaanza kukaa mbalimbali, upande huu na upande ule, nami nikaona na kunyamaza, nikapeleka sahani huku na huko. Ndugu zangu wakaacha kuja nyumbani. Nikasema wana kazi nyingi. Sidhani kwamba mpishi mmoja wa Mudzipela angezuia vita kwa ulimi wake. Lakini nilikuwa na nyumba yangu na benchi langu, na pale angalau ningeweza kusema, hapana, hapa hatusemi hivyo. Ule utulivu niliojifunza kwa viazi, wa kuacha bila kugusa, niliuweka mahali ambapo haukutakiwa. Hilo sikufundishi. Nakuambia tu linavyouma.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ulikuwepo, lakini hukuona yote, na uliyoyaona umeyapanga vibaya kichwani mwako.

Vijana wa upande wangu walikuwa wameushika mji. Baba yako hakutoka tena nje. Alikaa kwenye depo yetu ndogo ya viazi, nyuma ya magunia, na akitoka ni kuoga na kula. Rafiki zake waliotaka kukimbia msituni walimwita, akakataa, kwa sababu njia ile ilikuwa mbaya kwako na mbaya zaidi kwangu. Alisema tungoje, mambo yatapoa.

Siku ile risasi zilinyamaza tangu asubuhi. Mama Zawadi alikuwa ametugawia kipande cha nyama jana yake. Tulichemsha, tukala nusu. Mchana ulisema, "Niko na njaa." Ulisema hivyo tu, kama mtoto yeyote duniani. Baba yako akatoka depo akitabasamu, akasema, "Hata mie. Leta kisu." Ni yeye aliyesema tukaange. Yeye alikata viazi, amekaa chini ya dirisha ili asionekane, akikusimulia habari za mbuzi wa bibi yako aliyekula Biblia ya mchungaji. Ulicheka ukaziba mdomo kwa mkono. Mimi niliweka sahani mezani. Niliweka tatu, kama siku zote.

Tukasikia sauti kwenye lango la jirani. Baba yako akaacha kisu, akaingia depo. Nikavuta gunia mbele ya mlango wake. Wakaingia uani kwetu kabla sijanyoosha mgongo.

Mmoja wao nilimjua. Alikuwa mpiga taksi-moto, alikula kwangu karibu kila asubuhi. Hakunisalimia. Mkubwa wao ndiye aliyeongea.

"Nyumba iko na batu bangapi?"

"Siye tuko babili tu. Mi na mutoto."

Akatazama meza. "Sahani ya tatu iko ya nani?"

Wewe ndiye uliyejibu.

"Iko yangu. Mi nakulaka mingi."

Uliupata wapi uongo mzuri hivyo kwa haraka? Nimewaza mara nyingi. Ungekuwa na sura yangu, wangecheka na kuondoka. Lakini mkubwa wao alikushika mkono, akakuvuta kwenye mwanga wa mlango, akakuangalia uso. "Huyu iko wa kwao," alisema. "Jina lako nani?"

Ukasema Anjelika, jina lako la ubatizo, kama tulivyokufundisha. Akasema, "Jina la kwenu." Na hapo ndipo ulipogeuza macho.

Najua uligeuza macho. Ulipougua malaria kambini, kule karibu na uwanja wa ndege tulikokimbilia baadaye, homa ilikusemesha. Nilikuwa nakukanda kichwa na kitambaa, nawe ukasema, "Mi njo nilibaonyesha, mama. Niliangalia mulango wa depo." Ulisema tena na tena. Asubuhi hukukumbuka kama ulisema, na mimi sikukuuliza. Tangu siku ile nimetafuta mdomo wa kukujibu, nimeukosa. Ndiyo maana naandika.

Sikiliza sasa. Jumapili iliyotangulia, ulipokuwa umelala, baba yako alinishika mkono akasema, "Bakimugusa mutoto, mi natoka. Usinizuie."

Nikamwambia, "Na mimi je?"

"Weye uko mutu wa upande wao. Hawatakufanya kitu. Yeye iko na sura yangu."

Hakuniachia mkono. Akasema, "Sema ndiyo." Nikasema ndiyo. Tulikubaliana hivyo, mume na mke, kama watu wanaokubaliana juu ya shule ya mtoto. Yule mtu alipokushika mkono, kabla hajakuuliza jina, kabla hujageuza macho, nilisikia gunia linasogea. Baba yako alikuwa amekwisha kusimama. Angetoka hata kama ungefumba macho. Angetoka hata kama ungeangalia juu mbinguni. Hukumwonyesha kwa mtu yeyote, mwanangu. Alikuwa njiani anakuja kwako.

Alitoka akijipangusa vumbi kwenye shati. Hakukimbia wala hakuinua sauti. "Mutoto hana kosa. Ni mie munatafuta. Tuende."

Alipopita karibu na babula alinitazama. Nilidhani atasema neno kubwa. Alisema, "Teremusha kikaango, itaungua."

Ndivyo alivyoniaga.

Wakamtoa. Yule mpiga taksi-moto alibaki nyuma kidogo. Akachukua kitambaa changu, akainua kikaango chenye moto, akaondoka nacho. Mlangoni akasema bila kunitazama, "Aksanti, mama." Nimewaza zaidi juu ya lile aksanti kuliko nilivyowaza juu ya bunduki zao. Kuna siku nataka limchome. Kuna siku nadhani alikuwa na njaa tu, na mazoea ya mdomo. Sijafika mwisho wa kuwaza.

Nilimtafuta baba yako. Unajua nilivyotembea. Nilikwenda pale walipokaa wakubwa wao, wakasema hawamjui mtu huyo. Nilikwenda tena, mmoja akanishauri kwa upole nirudi kwa ndugu zangu na kuanza upya, kama mtu aliyevunjikiwa chungu. Nilitazama kwenye mashimo ambayo mwanamke hapaswi kutazama. Hatuna kaburi. Kama siku moja utasikia alipolala, usiende peke yako. Nenda na shangazi yako, na mnitumie neno.

Nakuja kwenye safari yako. Umeniuliza mara nyingi kwa nini tusiende sote, nami nimekujibu ovyo, mara mama yangu ni mgonjwa, mara nyumba itaibiwa. Jibu ni hili. Hapa mjini uso wako hauna amani. Juzi vijana wanaokaa pale bombani walikuita jina baya, na mmoja akakutupia jiwe. Njia ya Mahagi inapita kwa watu wa baba yako, na kule ni uso wangu usio na amani. Wewe utawaambia jina lako, Lotsove, jina la bibi yako, na utasalimia kwa lugha yao jinsi baba yako alivyokufundisha, na utapita. Mimi nikiwa kando yako, nitakufanya uonekane msaliti. Wangetuteremsha sote. Nimelifikiria kwa kila upande, kama mtu anayetafuta funguo kwenye nguo ile ile.

Shangazi yako Mave ni mtu mwema, lakini amepoteza kaka yake, na aliyempoteza alichukuliwa na watu wa damu yangu. Inawezekana siku moja, akiwa amechoka, akasema neno baya juu ya watu wetu. Usinitetee wiki ya kwanza. Ingia jikoni. Angalia kilichobaki jana.

Viazi viwe vimepoa kabisa; vya moto vinavunjika. Nyama uichambue kwa vidole, uondoe mifupa. Kikaango kipate moto kwanza, halafu mawese kidogo, mpaka wekundu wake upungue. Kitunguu, ukinusa kimelainika, tia viazi, uvitandaze, kisha uache. Kaa hapo. Utatamani kukoroga. Usikoroge. Vikianza kutoa sauti kavu, vigeuze mara moja, ndipo utie nyama, pilipili na chumvi. Nyama haitaki muda, imekwisha kuiva jana. Kama kuna yai, vunja juu. Mpelekee shangazi yako bila kueleza kitu. Mama yake ndiye aliyekikaanga kwanza. Atajua.

Naacha kidogo. Mama Zawadi amemaliza kichwa chako, anakuonyesha kwenye kioo. Kuna nyama ya jana. Nitawasha babula, na nitaona kama utatoka nje.

*

Nimerudi. Kibatari kimewashwa, wewe unafunga mzigo wako chumbani.

Uliyoyafanya jioni unayajua, lakini nataka kuyaandika ili ujue kwamba niliona. Niliposhika kisu ulisimama mlangoni, tayari kwenda ukutani kwako. Nilianza kukata, sikukutazama. Nikasikia unavuta kigoda.

"Mama, unavikata vikubwa sana."

Nikakupa kisu. Ulikata vyote vidogo, sawasawa, kama vya baba yako, na machozi yakakudondoka kwenye mikono, hukuyafuta. Mimi sikusema, Lotsove, una nini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuliza. Tulikaa tukasikiliza mafuta.

Ulipopakua, ulikula ukiwa umesimama karibu na mlango. Nyama uliiacha. Ulikula viazi, vichache, vile vilivyoshika ukoko, ukavitafuna polepole kama mtu anayesikiliza. Halafu ukasema, "Iko na chumvi mingi." Ilikuwa na chumvi nyingi kweli. Nilitia mara mbili, sikuona vizuri.

Baadaye nilikuambia jambo la kesho, na hapo ulinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nilisema, kesho pale kwenye lori utakwenda na Mama Zawadi. Mimi nitabaki nyumbani. Dereva na abiria wasijue mama yako ni nani. Midomo ya watu inasafiri haraka kuliko magurudumu. Na hata njiani, wakikuuliza, sema mama yako alikufa.

"Siwezi kusema vile," ulisema.

"Utasema."

"Mama, siwezi."

"Sema sasa hivi. Sema nisikie."

Kisha ukasema, ukitazama ukuta, "Mama yangu alishakufa." Sauti yako haikutetemeka. Nikakusifu. Nilisema, vizuri, hivyo hivyo. Nikatoka nje nikijifanya naenda kumwaga majivu.

Sasa nikuambie ukweli kwa kuwa umefika. Sitabaki nyumbani. Kabla hamjafika kwenye lori nitakuwa nimekwisha kusimama ng'ambo ya barabara, pale wanapouza ndizi, nimejifunga kitenge kichwani mpaka kwenye macho. Nitakuona unapanda. Nitaona kama umekalia upande usio na vumbi, na kama Mama Zawadi amekupa nafasi ya kushika. Sitapunga mkono. Nitanunua ndizi kama mtu mwingine yeyote, na lori likiondoka nitaendelea kuchagua ndizi, kwa sababu watu hutazama mtu anayesimama bure. Wewe hutageuka, maana unadhani niko nyumbani. Nimekudanganya ili usigeuke.

Basi ukiisha kusoma haya, angalia kwanza kama mlango wa shangazi yako umefungwa. Kama umefungwa, na hakuna mgeni ndani, niite. Uniite mama, kwa sauti, si moyoni. Sitasikia. Niite tu, ili neno lile nililokusemesha leo lisiwe la mwisho kutoka mdomoni mwako juu yangu.

Mimi mama yako, niliye hai, Bunia.